Tokeni za Siku Mbili

"Mama Zipporah, mmefungua kiwanda huko kwenu?" Waleed aliuliza, kidole kikiwa juu ya simu yake.

Christine aliweka noti ya mia tano juu ya kaunta. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi, na hii ilikuwa mara ya tatu kusimama kwenye kaunta ya duka lile ndani ya siku sita. Kila mara mia tano. Zamani, yaani miezi miwili tu iliyopita, tokeni za mia tano zilikuwa zikimfikisha siku tisa, kumi akibana. Sasa zilikuwa zikiisha kwa siku mbili, na siku mbili zenyewe si kamili.

"Weka namba ya mita, Waleed. Maneno nitayapitia kesho."

Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wakinywa chai kizingitini wakacheka. Mmoja akasema labda Mama Barafu, kama walivyozoea kumwita, ameweka lifti. Nyumba yenyewe haikuwa na ghorofa, haikuwa hata na dari, na kijana alijua hivyo vizuri kwa sababu ndiye aliyebeba mabati yake kutoka Garsen. Christine alihisi masikio yakimwaka. Kudaiwa angeweza kuvumilia, lakini kuchekwa na watu anaowauzia maji baridi kwa shilingi kumi, hilo lilimchoma.

Waleed alimwandikia tarakimu ishirini kwenye kipande cha boksi la sigara, akakisukuma kwa kidole. "Ni ile friza," alisema kwa sauti ya mtu mwenye huruma. "Imezeeka. Friza ikizeeka inakunywa stima hadi inalewa. Mimi nakuonea huruma, mama. Elfu kumi na tano nakutolea huo mzigo. Jumamosi naleta mkokoteni."

"Nani amekuambia nauza?"

Waleed akajikuna kidevu, akatazama upande wa barabara kuu kana kwamba lori la Lamu lilikuwa na jibu. "Tuliongea tu na baba Zipporah," akasema.

*

Fondo, mumewe, alikuwa juu ya ngazi, akipiga plasta ukuta wa chumba kipya. Tangu mafuriko yaifukuze familia ya mama yake kule Idsowe, nyumba yao ya Minjila ilikuwa haijapumzika. Udongo ulitolewa, matofali yakaingia. Makuti yakashuka, mabati yakapanda. Na nyuma kikaongezwa chumba kimoja cha mama yake, Hawe Nyevu. Mchanga ulikuwa kila mahali. Christine alikuwa akiukuta kwenye chumvi.

"Umeongea nini na Waleed?" aliuliza, bado ana kipande cha boksi mkononi.

"Tumeongea tu."

"Friza ni ya nani?"

"Sijasema si yako." Fondo alirusha plasta, nusu ikashika, nusu ikamwangukia mguuni. "Lakini piga hesabu mwenyewe. Nyumba hii ina taa nne, redio, simu, na friza. Taa zinakula nini? Redio inakula nini? Mimi si fundi wa stima, lakini nina akili."

Hapo ndipo Christine alipopandwa na hasira kabisa. Friza ile alikuwa ameinunua mwenyewe, kwa chama cha akina mama wa kanisa, miaka minne iliyopita. Barafu zake ziliwafuata wauza samaki hadi Kipini. Maji yake yalinywewa na madereva, na wachungaji wa Kiorma waliotoka na ng'ombe kwenye jua la saa saba. Karo ya Zipporah, kidato cha pili, ilitoka mle ndani, mfuko kwa mfuko. Saruji aliyokuwa akiirusha Fondo, nusu yake ilitoka mle ndani pia, ila hilo halikuwa likisemwa.

"Nipe hadi Jumamosi," alisema. "Nitakuonyesha kinachokula stima. Nisipokuonyesha, muite Waleed wako."

"Mimi sina Waleed," Fondo alinung'unika, lakini alikubali, kwa sababu alikuwa na hakika ya kushinda.

Hawe Nyevu akatokea kona ya nyumba, kata mkononi, miguu imelowa hadi vifundoni. Alikuwa mwembamba, mfupi, na tangu aje alikuwa hajalalamikia kitu chochote, jambo ambalo Christine aliliona kama namna nyingine ya kulalamika. Leo alikuwa na furaha usoni.

"Ziro amenishika tena," alisema.

"Tena?" Fondo aliteremka ngazi moja.

"Hapa." Akaonyesha nyayo. "Namwagia maji, natia unga, nasema naye kidogo. Halafu nasikia ananishika miguu, pole pole, anapanda mpaka goti. Alipokuwa hai hakunishika mguu hata siku moja. Amekufa ndio amepata adabu."

Fondo akacheka kwa raha. Koma ya baba yake, gogo dogo lililochongwa la kumkumbuka marehemu Ziro, ndicho kitu cha kwanza alichosimamisha mama alipofika, nyuma ya nyumba ya zamani, kabla hata kitanda chake hakijapatikana. Chumba kipya kilipojengwa, koma ilibaki katikati ya majengo mawili, kwenye kiuwanja kisichozidi upana wa mkeka. "Baba ameridhika na mahali," alisema. "Ametukubali."

Christine aliingia ndani. Mambo ya koma alikuwa ameyamaliza na mumewe mapema: yeye ni mtu wa kanisa, hatakanyaga pale, hatafagia pale, na ukuta ujengwe akina mama wa ibada ya Jumatano wasipaone. Fondo alikuwa ametimiza hayo yote, akajiona mume mwema. Kwa hiyo bibi kizee aliposimulia kushikwa kwake miguu, Christine alifanya kama alivyofanya siku zote. Alijifanya ana kazi jikoni.

*

Fundi Miraji, aliyewafungia waya wa nyumba nzima, aliitwa Jumanne, akasema yuko njiani, akafika Alhamisi. Alikuwa mtu wa Kipini, mpole wa maneno, mwenye bisibisi tatu zilizofungwa kwa mpira. Alisogea mbele ya friza, akaweka kiganja nyuma yake, akafumba macho kama daktari.

"Ina joto," alisema.

"Si ndiyo kazi yake, fundi? Ndani baridi, nje joto?"

"Joto hili limezidi, mama. Na mpira wa mlango umelegea. Baridi yote yatoka, injini hailali." Akafunga mlango, akaufungua, akaufunga. "Stima yapata ndia ya kupotea hapo."

Christine alimwomba aangalie na waya wa chumba kipya. Miraji akasema chumba kile hakijawekwa hata balbu, waya umefika tu na kukaa, hauna kazi. Akaomba mia tatu ya kutazama. Christine akampa, akakaa chini kwenye mfuko wa saruji, akajilaumu kwa kutosema hapana. Mia tatu za kuambiwa kwamba friza ina joto!

Hata hivyo alinunua mpira mpya wa mlango, akaugundisha mwenyewe kwa gundi ya viatu. Mita haikushukuru. Jioni ile ilisoma yuniti tisa, asubuhi, tatu.

Ijumaa akatia tokeni nyingine za mia tano, kisha akafanya lile ambalo mwenye friza yeyote anajua uchungu wake. Aliichomoa. Aligawa barafu kwa majirani kabla hazijayeyuka, akapiga simu kwa wauza samaki kuwaambia leo hakuna, akakaa mlangoni akiwarudisha watu wenye kiu. Dereva mmoja wa lori alimwambia, "Mama, kama umefilisika useme, tutafute kwingine." Akaenda kwingine, na wenzake wakamfuata. Christine aliiangalia migongo yao ikivuka barabara kuelekea kwa Waleed, ambaye kumbe alikuwa ameweka ndoo ya maji yenye vipande vya barafu vilivyotoka kwenye friza ya Christine asubuhi ile.

Saa kumi na moja jioni alisoma mita. Kuanzia asubuhi, friza ikiwa imechomolewa, redio kimya, taa zimezimwa, yuniti saba zilikuwa zimekwenda.

"Njoo uone," alimwita mumewe. "Njoo uone, baba Zipporah! Friza imelala siku nzima. Haya, nani amekula?"

Fondo alikuja, akainama mbele ya mita, akaitazama kwa muda mrefu. "Friza imeiharibu mita," alisema hatimaye. "Imeizoesha."

"Imeizoesha?"

"Kula sana. Sasa hata ikikaa peke yake inakula tu."

Kuna maneno ambayo mtu akiyajibu anapoteza akili zaidi ya aliyeyasema. Christine aliingia chumbani, akalia kidogo, kwa hasira tu, akanawa uso.

*

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijashika mabati, alisimama barazani mbele ya mita. Waleed alikuwa amesema angekuja saa moja. Alizima swichi zote za ndani, moja baada ya nyingine, akachomoa kila kilichochomoka, hata chaja ya simu. Swichi kubwa tu, iliyo chini ya mita, ndiyo aliyoiacha. Kisha akakitazama kile kitaa chekundu cha mita kinachopepesa stima inapopita. Kama hakuna kinacholiwa, kinatakiwa kutulia. Kilipepesa. Akahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nne, kikapepesa tena. Mwendo wa taratibu, wa mtu anayetembea bila haraka akijua nyumba ni yake.

"Unakwenda wapi?" Christine alikiuliza kwa sauti. "Sema basi, mwizi mkubwa wewe, unakwenda wapi?"

Hawe Nyevu alipita nyuma yake na ndoo ya maji, akamsalimu. Hakuuliza kwa nini mkaza mwana wake anagombana na ukuta. Akapinda kona. Kutoka pale barazani, kwa kuinamisha kichwa, Christine angeweza kumwona kupitia mwanya kati ya majengo mawili: akivua ndara, akichota kwa kata, akimwaga, midomo ikicheza.

Kitaa kikaanza kupepesa haraka haraka.

Christine alidhani macho yamechoka. Akayafikicha. Hesabu haikufika hata mbili. Alisubiri, kikapunguza mwendo kidogo. Hawe akachota kata nyingine, akamwaga. Kitaa kikakimbia tena.

"Mama!" aliita. "Mwaga tena!"

Bibi akageuka, akashangaa. Katika miezi yote ile, mkaza mwana wake hakuwahi kulitaja jambo hilo, sembuse kulihimiza. "Unataka nimwombee nini?"

"Mwaga tu, mama! Mwaga!"

Hawe akamwaga kwa mkono mkunjufu, nusu ya ndoo nzima. Kitaa kikawaka karibu bila kuzima. Na bibi, akiwa amesimama kwenye tope na nyayo tupu, akatabasamu, akasema, "Huyu hapa. Leo amekuja na nguvu."

Hapo Christine akaelewa ni nini kilichokuwa kikimshika miguu. Aliipiga swichi kubwa kwa kiganja, kitaa kikazimika papo hapo, lakini hakukiamini. Alikimbia, akakanyaga mahali alipoapa kutokanyaga, akamshika mama mkwe wake makwapani, akamvuta kwa nguvu zake zote. Wote wawili wakaanguka chali kwenye rundo la mchanga. Kata ikavunjika.

"Unanipiga?" Hawe Nyevu aliuliza, akiwa ameketi, kitambaa cha kichwa kimemfunika jicho. "Mbele ya mume wangu?"

*

Miraji safari hii hakuwa njiani. Alifika ndani ya nusu saa, kwa sababu Christine alimwambia kwenye simu kwamba asipokuja atamfuata nyumbani kwake na atakuja na watu wa kanisa. Saa hiyo hiyo mkokoteni wa Waleed ulikuwa umeegeshwa mlangoni, na Waleed mwenyewe ameshaingia ndani kupima friza kwa kamba. Vijana wawili wa kusukuma walifuata kelele hadi nyuma ya nyumba.

Miraji hakuhitaji jembe. Alifukua kwa ncha ya panga, akafika kwenye waya kabla panga halijazama upana wa kiganja. Hapakuwa na bomba wala matofali juu yake, udongo tu. Na hatua moja kutoka kwenye koma, mahali pale pale maji yalipokuwa yakimwagwa kila asubuhi, vipande viwili vya waya vilikuwa vimeunganishwa kwa utepe mweusi. Utepe ulikuwa umevimba, umejaa tope na unga wa mahindi uliogeuka uji. Ndani yake shaba ilikuwa wazi, imefanya kijani.

"Chumba hakina balbu," Christine alisema. "Si ndivyo ulivyoniambia Alhamisi, nikakulipa mia tatu?"

"Mwisho wa waya hauna kitu, mama, kweli. Lakini stima imo ndani. Imetoka kwenye swichi kubwa moya kwa moya." Miraji hakuinua uso. "Mai yakiingia, inashuka kwenye udongo. Usiku na mchana."

"Na kwa nini uliuzika juu juu hivi? Ulikuwa unapanda mchicha?"

"Wallahi mama, sikutaka kutimba sana. Karibu na vitu vyenu vile." Akaonyesha koma kwa kidevu, bila kuitazama. "Nilifanya haraka nikaondoka. Nilisema nitarudi."

"Na kiungo? Huwezi kuleta waya mzima?"

Hapo Miraji akamtazama Fondo. Watu wote wakamtazama Fondo, pamoja na vijana wa mkokoteni ambao hayakuwahusu. Fondo alikuwa na plasta kwenye nyusi. Alikohoa.

"Vipande vilikuwa vimebaki," alisema. "Roli nzima ya nini, kwa hatua nne tu? Nilikuwa nabana matumizi."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi kwake. Christine alimtazama mwanamume yule aliyelala naye miaka kumi na saba, aliyemfanya aichomoe friza yake, achekwe dukani, agawe barafu bure, na aanguke mchangani na mama mtu. Yote kwa hatua nne za waya. Alikuwa na maneno mengi. Yaliyotoka yalikuwa machache.

"Ungemzika mama yako, baba Zipporah. Halafu ungesema ni friza."

Fondo akatazama chini. Waleed, aliyekuwa amesimama nyuma na kamba yake, akaona wakati wake unapita. "Kwa hiyo friza vipi?" aliuliza.

"Rudi na mkokoteni wako."

"Mkokoteni nimeukodi, mama. Na hawa vijana je?"

"Muulize yule mliyeongea naye tu," Christine alisema, akaenda kuichomeka friza yake.

*

Tokeni alizonunua Jumapili, Jumatano bado zilikuwa nyingi. Yuniti kumi na saba zilikuwa zimekuwa kumi na mbili, na friza ilikuwa inafanya kazi usiku na mchana. Waya mpya ulipita juu, ukutani, ndani ya bomba jeupe, na Fondo mwenyewe ndiye aliyelinunua bomba hilo bila kuambiwa. Dereva wa lori alirudi. Christine alimuuzia maji bila kumkumbusha chochote, ila chenji alimpa polepole.

Hawe Nyevu hakuwa amemsemesha tangu Jumamosi. Fondo aliombwa amweleze mama yake, akasema atamweleza, akaenda Garsen, akarudi, akasema mambo ya wanawake wanaelezana wenyewe. Kwa hiyo asubuhi ile Christine alipomwona bibi akipinda kona na kikombe cha plastiki badala ya kata, alimfuata. Alisimama nje ya kiuwanja. Halafu akaona ni ujinga, maana alishakikanyaga, akaingia.

Hawe alimwaga maji. Akanyunyiza unga. Akasema naye kidogo kwa Kigiriama. Kisha akasimama kwenye tope na nyayo tupu, akangoja. Alingoja sana. Alihamisha mguu mmoja, akaukanyagisha pembeni kidogo, kama mtu anayetafuta mahali godoro halijabonyea.

"Amenyamaza," alisema bila kugeuka. "Siku ya nne leo. Mmemfanya nini?"

Tangu bibi aje, Christine alikuwa na jibu la jambo hili, jibu kali, lenye Biblia ndani yake. Sasa alilitafuta, akakuta halina kazi.

"Hakuwa yeye, mama. Ilikuwa stima. Waya ulikuwa wazi hapo chini. Ukimwaga maji, stima inapanda miguuni. Ingekuua. Ndiyo maana nilikuvuta."

Bibi alitazama miguu yake. Alikuwa na miguu mibaya, iliyopasuka visigino, ya mtu aliyelima matope maisha yote na kuyakimbia uzeeni.

"Si yeye," alisema.

"Si yeye, mama."

Alikubali kwa kichwa, mara moja, mara mbili. Christine alijisikia vibaya kuliko siku aliyochekwa dukani, na zaidi akamkasirikia Fondo, kwa kumwachia kazi hii.

"Na hiyo stima," Hawe alisema, "iliyokuwa inamwagika hapa. Ilikuwa ya nani?"

"Yangu. Ya friza."

"Unainunua?"

"Nilikuwa nainunua kila siku mbili."

Hawe Nyevu akageuka, akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Basi ni wewe," alisema. "Siku zote hizo, ni wewe uliyekuwa unanishika."

Kule mbele mtu alikuwa akigonga dirisha kwa sarafu, akiita maji, Mama Barafu, maji. Christine akachuchumaa, akafungua pindo la leso yake.

"Lete mguu," alisema kwa sauti iliyokuwa bado na ukali wa wiki nzima. "Una tope, mama, na sakafu ya mwanao haijakauka." Akaushika ule mguu, akaufuta unyayo, kisigino, katikati ya vidole, bila haraka, huku sarafu ikiendelea kugonga dirisha.

"Haya. Lete na huo mwingine."